Uwanja wa Arauna: Historia ya Mahali pa Hekalu na Swali la Nani Aingie

Mwaka 1871 Mfaransa mmoja, mtaalamu wa mambo ya kale, Charles Clermont-Ganneau, aligundua katika mji mkongwe wa Yerusalemu, karibu na uwanja wa Hekalu, jiwe lenye mistari saba ya Kigiriki iliyochongwa kwa herufi kubwa. Kwa kuwa nchi ilikuwa chini ya Waturuki, jiwe hilo lilipelekwa Constantinople, na hata leo limo katika jumba la makumbusho la Istanbul. Maneno yake ni machache. Yanamwonya mtu wa taifa jingine asivuke kizuizi kilichozunguka Hekalu, na yanasema kwamba atakayekamatwa ndani atakuwa amejiletea mwenyewe kifo kitakachompata. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, alikuwa ametaja mawe ya namna hii, mengine kwa Kigiriki na mengine kwa Kilatini. Sasa moja lilikuwa limeonekana kwa macho. Kipande cha jiwe la pili kilipatikana katika miaka ya 1930. Vitu vilivyobaki vya Hekalu la siku za Bwana wetu ambavyo vinaweza kusomwa ni vichache sana, na kimojawapo ni hilo tangazo la kuzuia watu.

Makala hii imekusudia kuipitia historia ya mahali pale kwa kufuata uzi mmoja tu, yaani swali la nani aliruhusiwa kuingia na nani alizuiwa, na Wakristo walifanya nini zamu yao ilipofika. Sababu ya kuliuliza swali hili si udadisi wa kitaaluma peke yake. Katika nchi zetu wako wahubiri wa nyakati za mwisho wanaofundisha kwa ujasiri mwingi kwamba Hekalu la tatu halina budi kujengwa kabla ya Bwana kurudi, na washarika huja kwa wachungaji wao kuuliza kama ndivyo. Mchungaji akilijibu swali hilo kwa ramani zilizo nyuma ya Biblia yake, atakuwa ameruka karibu miaka elfu mbili, na humo ndimo yalimo mambo yetu wenyewe.

Uwanja ulionunuliwa kwa mgeni

Biblia haianzi habari za mahali hapa kwa maono wala kwa nguzo ya moto, bali kwa mauziano ya shamba. Katika 2 Samweli 24 Daudi anakwenda kwa Arauna Myebusi, mwenyeji wa mji uliotekwa, na kununua uwanja wake wa kupuria nafaka pamoja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati anamwita mtu huyo Ornani na kutaja shekeli 600 za dhahabu kwa mahali pale. Naye pia ndiye anayeunganisha uwanja huo na Mlima Moria (2 Nyakati 3:1). Wafafanuzi wamejitahidi kupatanisha bei hizo mbili. Kwa kusudi letu linalotosha ni kwamba mapokeo yote mawili yanakubaliana kuwa ardhi ilikuwa mali ya mtu asiye Mwisraeli, na kwamba mfalme alikataa kuichukua bure.

Hekalu ambalo Sulemani alilijenga katika karne ya kumi K.K. halikuwa kubwa: urefu wake dhiraa 60 na upana wake 20. Makanisa kadhaa ya sharika zetu za mijini yanalizidi. Mafundi wake walitoka Tiro kwa mfalme Hiramu, na ramani yake inafanana na ile ya mahekalu yaliyochimbuliwa kaskazini mwa Syria ya kale, kama Ain Dara na Tell Tayinat. Hakuna jiwe hata moja ambalo wataalamu wamekubaliana kwamba ni la Hekalu hilo, maana uwanja wenyewe haujapata kuchimbwa kitaalamu. Hata hivyo yafaa tuikumbuke sala ya kuweka wakfu iliyomo katika 1 Wafalme 8, ambamo mfalme anamwombea waziwazi mgeni atokaye nchi ya mbali ili naye asikiwe akiomba kuielekea nyumba hiyo.

Baada ya Nebukadreza kuiteketeza nyumba mwaka 587 au 586 K.K., na baada ya waliorudi kutoka Babeli kuijenga upya chini ya Zerubabeli hadi kuimaliza mwaka 515 K.K., tunazisikia sauti mbili kwa pamoja. Katika Isaya 56 wageni na matowashi wanaahidiwa nafasi ndani ya nyumba ya Mungu. Katika Ezra 4 majirani wanaoomba kusaidia kujenga wanakataliwa. Msomaji asifanye haraka kumlaumu Ezra; jamii ndogo iliyotoka utumwani ilikuwa na haki ya kuogopa kumezwa. Hofu hiyo ilithibitishwa mwaka 167 K.K., pale Antioko Epifane alipoinajisi madhabahu, hata Yuda Makabayo akaitakasa mwaka 164. Mwaka 63 K.K. Pompeyo Mrumi aliingia mpaka Patakatifu pa Patakatifu, na Tacitus anaeleza kwamba hakukuta humo sanamu yoyote. Watu waliokwisha kuingiliwa hivyo wana sababu ya kujenga kizuizi.

Kizuizi

Herode alianza kazi yake yapata mwaka wa 20 K.K. Aliupanua uwanja kwa kuta za kuzuia udongo hata ukafikia urefu wa karibu mita 480 na upana wa karibu mita 300, na uwanja huo ndio uliopo mpaka leo. Katika ukuta wa magharibi, ndani ya mtaro wa chini ya ardhi, lipo jiwe moja lenye urefu wa zaidi ya mita 13. Sehemu kubwa ya nje ya uwanja ilikuwa wazi kwa watu wa mataifa yote. Ndani yake kulikuwa na ule ukuta mfupi wenye mawe ya onyo, na baada yake ua wa wanawake, ua wa wanaume wa Israeli, ua wa makuhani, na hatimaye nyumba yenyewe.

Kwa wanafunzi wa Agano Jipya hapa pana mambo mawili ya kutazamwa kwa makini. La kwanza ni kwamba meza ambazo Yesu alizipindua huenda zilikuwa katika eneo lile la nje, yaani mahali pekee ambapo mtu wa mataifa angeweza kusimama na kuomba. Wainjilisti wote watatu wa kwanza wanamwonyesha akiyataja maneno ya Isaya 56 kuhusu nyumba ya sala, lakini Marko peke yake ndiye anayeyaacha pale maneno kwamba ni kwa mataifa yote. Mathayo na Luka hawanayo. La pili ni kukamatwa kwa Paulo katika Matendo 21. Shtaka lilikuwa kwamba amemwingiza Trofimo Mwefeso ndani ya mahali patakatifu, na Luka anataja kwamba milango ilifungwa mara moja. Sasa tunajua ni kosa gani hasa lililodhaniwa, na kwa nini lilikuwa la kufa. Waraka kwa Waefeso, katika sura ya pili, unasema juu ya ukuta wa kati uliobomolewa. Wafafanuzi wengine hukataa kwamba mwandishi alikuwa akiufikiria ukuta wa Hekalu. Mimi naona ni vigumu kuamini kwamba wasomaji wa mji aliotoka Trofimo wasingeufikiria.

Mwaka 70 B.K. majeshi ya Tito yaliteketeza Hekalu. Mawe yaliyosukumwa kutoka juu yalipatikana na wachimbuaji baada ya 1967, yakiwa yamelala juu ya barabara ya kale chini ya pembe ya kusini-magharibi, nayo yangali pale. Baada ya vita vya Bar Kokhba, 132 hadi 135, Kaisari Hadriano aliufanya mji kuwa koloni la Kirumi kwa jina la Aelia Capitolina na kuwapiga marufuku Wayahudi kuingia humo. Jiwe la onyo lilikuwa limegeuzwa upande. Aliyekuwa ndani sasa alikuwa nje.

Jalala

Konstantino alipoutia mji mikononi mwa Wakristo, Kanisa lilipata nafasi yake ya kwanza ya kuamua la kufanya na kilima kile. Halikujenga kitu. Kanisa la Ufufuo liliwekwa wakfu mwaka 335 upande wa pili wa bonde, na kilima cha Hekalu kikaachwa magofu kwa makusudi. Msafiri Mkristo aliyetoka Bordeaux mwaka 333 aliandika kwamba aliona pale sanamu mbili za Hadriano, na karibu nazo jiwe lenye tundu ambalo Wayahudi waliliendea mara moja kwa mwaka, wakalipaka mafuta, wakaomboleza na kurarua mavazi yao, kisha wakaondoka. Yeronimo, aliyeishi Bethlehemu, anaieleza siku hiyo kwa ukali unaomfadhaisha msomaji wa leo: Wayahudi walipaswa kuwalipa askari ili waruhusiwe kulia.

Kwa nini magofu yaachwe? Kwa sababu yalihubiri. Eusebio wa Kaisaria aliona mawe ya Hekalu yakibebwa kwenda kujengea majengo mengine, akalichukua jambo hilo kuwa utimizo wa unabii. Kaisari Juliano, aliyeiacha imani ya Kikristo, alipoagiza Hekalu lijengwe tena mwaka 363, alijua anachokigusa. Akilisimamisha, hoja ya Wakristo ingeanguka. Kazi ilikatizwa na moto uliotoka ardhini, asemavyo Ammianus Marcellinus ambaye hakuwa Mkristo, na mwaka huo huo tetemeko kubwa liliipiga nchi. Juliano akauawa vitani na Waajemi, na wahubiri wakapata hoja mpya.

Hoja hiyo ya magofu iliishi muda mrefu, nasi tuliobatizwa katika Kanisa la Kilutheri tumeirithi. Martin Luther aliitumia katika barua yake dhidi ya Wasabato ya mwaka 1538: miaka elfu moja na mia tano bila Hekalu, bila makuhani, bila nchi, ni dalili gani iliyo wazi zaidi ya kwamba Mungu amewaacha? Mwaka 1543, katika kitabu chake juu ya Wayahudi na uongo wao, alitoka kwenye hoja hiyo hata akafika kuwashauri watawala wachome masinagogi. Aidha, Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, alitunga masimulizi ya maangamizi ya Yerusalemu kwa kumfuata Josephus, nayo yakachapwa katika vitabu vingi vya nyimbo vya Kilutheri na kusomwa ibadani Jumapili ya kumi baada ya Utatu. Injili ya Jumapili ile ni Luka 19, ambamo Yesu anauona mji na kuulilia. Mtu hujiuliza ni washarika wangapi kwa karne zile waliondoka kanisani wakiwa wamelia.

Shirikisho la Kilutheri Duniani, ambalo mkutano wake mkuu wa mwaka 1977 ulifanyika Dar es Salaam, lilipokea katika mkutano uliofuata, Budapest mwaka 1984, tamko la kuyakataa maneno yale makali ya Luther dhidi ya Wayahudi. Tamko hilo lastahili kufundishwa pamoja na Katekisimo Ndogo, lakini si kila mchungaji wetu amepata kulisikia.

Basi tukirudi Yerusalemu, magofu yale hayakubaki magofu tu. Said bin Batriq, Patriarki wa Aleksandria katika karne ya kumi ambaye huitwa pia Eutikio, anakiri katika historia yake kwamba Warumi wa Mashariki waliuacha ule mwamba bila heshima, wala hawakujenga kanisa juu yake kwa sababu ya maneno ya Kristo, na wakaufanya mahali pa kutupa taka. Shahidi huyu ni Mkristo, tena askofu mkuu, asiye na sababu ya kulisingizia Kanisa lake.

Kuba

Khalifa Omar bin al-Khattab alipoupokea mji kutoka kwa Patriarki Sofronio, mwaka unaotajwa zaidi ukiwa 638, hapakuwa na mauaji. Ni Eutikio huyo huyo anayesimulia kwamba saa ya sala ilipofika Omar alikataa kusali ndani ya Kanisa la Ufufuo, asije akawapa Waislamu wa baadaye kisingizio cha kulichukua. Kisha akaomba kuonyeshwa mahali pa mwamba, akaanza kuzoa taka kwa vazi lake mwenyewe. Wanahistoria wanaijadili habari hii, maana iliandikwa karne tatu baadaye. Hata kama imepambwa, msimulizi wake ni Mkristo aliyeona vema kuihifadhi.

Arkulfo, msafiri kutoka Ulaya aliyefika pale kabla karne ya saba haijaisha, alikuta nyumba ya sala ya mbao iliyojengwa kwa haraka juu ya mabaki ya magofu, yenye nafasi ya watu 3,000. Khalifa Abd al-Malik ndiye aliyejenga Kuba la Mwamba, lenye tarehe ya mwaka 72 wa Hijra, yaani 691 au 692. Maandishi ya mozaiki ndani yake yana urefu wa karibu mita 240, na sehemu kubwa yanazungumza na Wakristo: yanamtaja Isa mwana wa Mariamu kwa heshima, na yanakataa Utatu. (Khalifa al-Ma'mun wa baadaye alilifuta jina la Abd al-Malik na kuliweka lake, lakini akasahau kuibadili tarehe; mwizi wa sifa huacha alama mahali fulani.) Al-Muqaddasi, mwenyeji wa Yerusalemu wa karne ya kumi, anaeleza kwamba Abd al-Malik aliogopa kuba la kanisa la Wakristo lisije likaiteka mioyo ya Waislamu kwa fahari yake.

Wasomaji wa Kiswahili watalielewa bila tafsiri tusi moja la wakati ule. Wakristo Waarabu waliliita kanisa lao kuu Kanisa la Qiyama, neno lile lile tunalolisema kiyama, yaani ufufuo. Baadhi ya waandishi Waislamu walilibadili herufi na kuliita Qumama, maana yake jalala. Taka zilizotupwa juu ya mwamba zilirudishwa kwa njia ya jina.

Kwa Waislamu mahali pale ni Haram, pamoja na Msikiti wa Al-Aqsa uliojengwa mwanzoni mwa karne ya nane na kujengwa tena baada ya matetemeko, likiwamo lile la 1033. Palikuwa kibla chao cha kwanza kabla ya Makka, na ndipo Mtume alipopandia mbinguni katika Miraji. Mchungaji anayeishi Tanga, Zanzibar au Mombasa husikia Miraji ikisomwa msikitini usiku wa tarehe 27 Rajabu, na huwasikia majirani zake wakiuita mji ule Baitul-Mukadasi. Jina hilo limetokana na jina la Kiebrania la Hekalu, nyumba takatifu. Majirani zetu wamelihifadhi jina la nyumba ya Sulemani katika kinywa cha kila siku.

Msalaba juu ya Kuba

Zamu ya pili ya Wakristo ilianza Ijumaa, tarehe 15 Julai 1099. Waliokimbilia uwanja wa Haram waliuawa humo. Raymond wa Aguilers, kasisi wa sharifu wa Toulouse, aliandika kwamba wapanda farasi walipita katika damu iliyofika magotini na kwenye hatamu. Hilo si kipimo bali ni lugha aliyoiazima katika Ufunuo 14. Linalotisha kuliko chumvi ile ni hukumu yake: kwamba ilikuwa haki na jambo tukufu la Mungu, mahali palipokufuriwa pajazwe damu ya waliokufuru. Ibn al-Qalanisi wa Damasko anaongeza kwamba Wayahudi walikusanyika katika sinagogi lao, nalo likachomwa moto juu yao. Raymond alikuwa mtumishi wa madhabahu, na jioni ile aliongoza au alihudhuria ibada ya shukrani kama wenzake.

Kuba likageuzwa kanisa, msalaba ukawekwa juu yake, na likaitwa Hekalu la Bwana. Al-Aqsa ikawa jumba la mfalme, kisha makao makuu ya chama cha mashujaa waliojiita kwa jina la Hekalu, chama kilichoanza yapata mwaka 1119. Inafaa kutambua kwamba watu hawa hawakuwa wajinga kuhusu mapokeo ya Kanisa la kale, ambalo liliacha magofu ili yahubiri. Walikuwa wamebadili hoja tu. Zamani Hekalu tupu lilithibitisha ushindi wa Kristo. Sasa Hekalu lililotekwa lilithibitisha ushindi huo huo.

Lakini Usama bin Munqidh, mwungwana wa Syria aliyezoea kufika Yerusalemu katika karne ya 12, ametuachia kisa kingine. Mashujaa wa Hekalu walimruhusu kusali katika msikiti mdogo kando ya Al-Aqsa, nao aliwaita rafiki zake. Siku moja Mfaranki mmoja aliyefika karibuni kutoka Ulaya alimkamata akisali, akamgeuza kwa nguvu kuelekea mashariki, akisema hivyo ndivyo mtu anavyosali. Mashujaa walimtoa mtu yule, akarudi tena, wakamtoa tena, na wakamwomba Usama radhi wakisema kwamba ni mgeni, hajapata kumwona mtu akisali bila kuelekea mashariki. Kisa hiki kidogo nakithamini kuliko mikataba mingi. Kina wapiganaji wa Msalaba waliokaa na Waislamu muda wa kutosha hata wakaona aibu.

Salah ad-Din aliuchukua mji tarehe 2 Oktoba 1187, ambayo ilikuwa 27 Rajabu. Safari hii wenyeji walijikomboa kwa fedha, na wale wasioweza walichukuliwa utumwani, hawakuchinjwa. Msalaba uliteremshwa, uwanja ukaoshwa kwa maji ya waridi, na mimbari iliyotengenezwa Aleppo kwa amri ya Nur ad-Din ikaletwa Al-Aqsa. Mwaka 1229 Kaisari Frederick wa Pili, akiwa ametengwa na Papa, alirudishiwa mji kwa mapatano bila vita, huku Haram ikibaki kwa Waislamu. Pande zote mbili zilimlaani kila mmoja kiongozi wake kwa mapatano hayo, na mwaka 1244 mji ukapotea tena.

Miaka mia sita iliyofuata yaweza kupitwa upesi. Wamamluki walizungusha Haram kwa madrasa, na Sulemani Mwothmani alilivika Kuba vigae na kuzijenga kuta za mji kati ya 1537 na 1541. Wayahudi walisali chini, kwenye kipande cha ukuta wa Herode upande wa magharibi. Asiye Mwislamu hakuruhusiwa kuingia Haram mpaka katikati ya karne ya 19. Tarehe 31 Oktoba 1898, Sikukuu ya Matengenezo, Kaisari Wilhelm wa Pili, ambaye bendera yake ilipepea wakati ule hata juu ya Tanganyika, aliweka wakfu Kanisa la Kilutheri la Mkombozi hatua chache kutoka Kanisa la Ufufuo. Kutoka mnara wake Kuba la Mwamba laonekana wazi. Kanisa hilo lilianza kama alama ya dola. Leo humo husali pia usharika wa Waarabu Wapalestina, ndugu zetu katika Shirikisho, ambao askofu wao Munib Younan alikuwa rais wa Shirikisho tangu 2010 hadi 2017.

Pazia, bendera na kibao

Waingereza waliotwaa mji Desemba 1917 waliahidi kuiacha kila desturi kama ilivyokuwa. Siku ya Upatanisho, Septemba 1928, Wayahudi waliweka mbele ya Ukuta wa Magharibi pazia la kutenga wanaume na wanawake wakati wa sala. Waislamu waliliona kuwa mwanzo wa kujenga sinagogi katika mali ya wakfu, na polisi wa Kiingereza wakaliondoa kwa nguvu katikati ya ibada. Ugomvi ulioanzia kwenye kitambaa hicho ulikua mwaka mzima, na machafuko ya Agosti 1929 yaliwaua Wayahudi 133 na Waarabu 116. Wengi wao waliuawa mbali na Ukuta, huko Hebroni na kwingineko, na hawakuwa wameliona hilo pazia.

Baada ya vita vya 1948 mji mkongwe ulikuwa chini ya Yordani. Mkataba wa kusitisha vita wa 1949 ulitaja uhuru wa kufika mahali patakatifu, lakini kwa miaka 19 Wayahudi hawakufika Ukutani. Tarehe 7 Juni 1967 askari wa Israeli waliingia Haram, na mmoja akapandisha bendera juu ya Kuba. Waziri wa ulinzi, Moshe Dayan, aliagiza ishushwe mara moja. Siku chache baadaye mtaa wa Wamaghribi, uliokuwa wakfu tangu karne ya 12, ulibomolewa usiku ili kupata uwanja mbele ya Ukuta, na nyumba zipatazo 135 zikaondoka. Dayan aliacha uendeshaji wa Haram mikononi mwa Wakfu wa Kiislamu: asiye Mwislamu angeweza kutembelea, bali asingesali. Warabi wakuu wa Israeli kwa upande wao waliweka kibao mlangoni kuwakataza Wayahudi kuingia kabisa, kwa kuwa mtu asiyetakaswa kwa majivu ya ndama mwekundu wa Hesabu 19 angeweza kukanyaga Patakatifu pa Patakatifu bila kujua.

Na Wakristo? Tarehe 21 Agosti 1969 kijana Mkristo kutoka Australia, aliyesadiki kwamba Mungu amemtuma kusafisha njia ya Hekalu jipya, alitia moto Al-Aqsa. Mimbari ya Salah ad-Din iliteketea. Katika mwezi uliofuata viongozi wa nchi za Kiislamu walikutana Rabat, na jumuiya yao ikazaliwa kutokana na moto huo. Mwaka 2022 ndama watano wekundu walisafirishwa kwa ndege kutoka Texas, kwa juhudi za Wakristo na Wayahudi wanaotazamia Hekalu la tatu. Mshiriki anayemuuliza mchungaji wake juu ya Hekalu hilo aelezwe moto ule na ndama hawa kabla ya kufunguliwa kitabu cha Danieli. Nayo Waebrania 9 na 10 isomwe pamoja naye polepole, maana mwandishi wake hamwachii kuhani mwingine kazi yoyote iliyobaki.

Mambo ya karibuni yanajulikana, nami nayataja tu. Ziara ya Ariel Sharon katika Haram tarehe 28 Septemba 2000 ilifuatwa na miaka ya umwagaji damu. Julai 2017, baada ya polisi wawili wa Israeli kuuawa malangoni, ziliwekwa mashine za kukagua vyuma. Waislamu walikataa kuzipita, wakasali barabarani karibu wiki mbili hata zikaondolewa. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas waliyapa mashambulizi yao, yaliyoua watu wapatao 1,200 nchini Israeli, jina la Al-Aqsa. Na vita vilivyofuata viliua makumi ya maelfu huko Gaza. Desturi ya Dayan imelegea, na baadhi ya Wayahudi wamesali juu ya uwanja hadharani, wakiwamo wanasiasa wa serikali.

Mhujaji kutoka sharika zetu anayetaka kupanda kilimani hupita Lango la Wamaghribi, juu ya daraja la mbao lililowekwa kwa muda baada ya njia ya udongo kuporomoka mwaka 2004, na ambalo halijapata kubadilishwa kwa kuwa kila upande unaogopa upande mwingine utajenga nini. Hukaguliwa na askari wa Israeli chini, na kupokelewa na walinzi wa Wakfu juu. Biblia aliyoibeba mkononi yaweza kuzuiwa, maana asiye Mwislamu haruhusiwi kusali humo. Mlangoni, kabla ya kupanda, hukipita kibao cha warabi. Ijumaa na Jumamosi lango hilo halifunguliwi kwa wageni.